Herufi za Mteja wa Kwanza

Mwenye tovuti ya kutafutia mafundi bomba hugonga meza mara mbili kabla ya kugusa kibodi, kama anayebisha hodi kwa watu. Alianza hajui hili wala lile, na somo la kwanza daftarini mwake ni "Mteja ni mfalme." Mteja wa kwanza alikuwa baba yake, macho yamefifia, aliyepiga simu kila Jumatatu: "Kuza herufi, mwanangu." Akakuza, akakuza tena, mpaka neno "bomba" likajaza kioo kizima. Sasa wateja wanalalamika. Dada yake, anayepokea simu zao, akamwambia, "Kaka, punguza basi, watu wanatukimbia." Akagonga meza mara mbili, mikono ikarudi mapajani. "Nitapunguza Jumatatu," alisema, "baba asipopiga." Tangu wamzike mzee, Jumatatu tisa zilikuwa zimepita.