Shahidi wa Chumba cha Rimma

Majirani walimwona Rimma mtu wa ajabu. Alikuwa mwalimu wa jiografia hapa Moscow, hadi siku aliyotia saini barua ya kuwatetea watu waliofungwa kwa maneno yao. Akafukuzwa kazi, akaishia kupiga deki zahanati. Wala hakukoma. Kesi ikisikilizwa, alikuwa akisimama nje ya mahakama kwenye theluji, maana ndani hakuruhusiwa, na kumwambia kila mkubwa aliyepita, "Sheria ni yenu wenyewe. Isomeni basi!"

Mama Kapitolina, jirani aliyechangia naye jiko, alikuwa akimtania. "Wewe na sheria yako! Utaolewa nayo?"

"Ingekuwa inapika supu, shangazi, ningekubali leo."

Asubuhi moja watu wa usalama walikuja kupekua. Sheria inataka jirani ashuhudie, basi wakamvuta Kapitolina na aproni yake. Rimma akampa kiti. "Mpisheni aone," aliwaambia. "Ni haki yake."

Na kweli aliona. Alimwona kijana wa usalama akitoa soksi kwenye koti lake mwenyewe, akaichomeka nyuma ya kochi, kisha akaivuta, akamwaga vilivyomo na kupaza sauti: "Risasi!"

Mkubwa wao akamsogezea Kapitolina karatasi ya upekuzi. "Tia saini, mama. Mwanao bado anasubiri nyumba ya serikali, sivyo?"

"Shangazi Kapa," Rimma alisema taratibu, "sheria inakuruhusu kuandika ulichokiona."

Kapitolina akashika kalamu. Akamfikiria mwanawe, na mke, na mtoto, wote kwenye chumba kimoja chenye ukungu ukutani. Akatia saini. Hakuongeza hata nukta. Uso ulimwaka, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Rimma hakumlaumu, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Alivaa koti, akajifunga kitambaa, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, kama tufanyavyo sote kabla ya safari ndefu. Kijana wa usalama, kwa mazoea tu, naye akaketi! Mkubwa akamkazia jicho. Kijana akaruka kama aliyekalia sindano.

"Njoo ukae nami, shangazi," Rimma alisema. "Msafiri hakai peke yake."

Kapitolina akakaa. Mabega yao yaligusana. Alitaka kusema nisamehe, ila mdomo ulioshindwa kusema mbele ya mkubwa ulishindwa na hapo pia. Akabaki kainamisha kichwa, mpaka Rimma alipoinuka, wakaondoka naye.