Harusi Nyekundu Mwezi wa Mvua

Nyumbani kwetu Matinyani hapakuwa na kitu chekundu. Sisemi vilikuwa vichache, nasema hapakuwa. Mama akienda kununua leso sokoni Kitui, aliikunjua yote palepale mbele ya mwenye duka, akaikagua pindo kwa pindo kama mtu anayetafuta chawa, na akiona ua moja jekundu kwenye kona, anairudisha. Maharagwe tu ndiyo aliyoyasamehe, maana tungekula nini?

Sababu tuliijua sote. Dada yangu mkubwa alipigwa na radi nikiwa mdogo, sijaanza hata kuvaa viatu. Tulikuwa tukirudi nyumbani kabla ya mvua, yeye ametangulia na mbuzi, mimi na mama tukifuata nyuma. Baba alikuwa amemletea sweta nyekundu kutoka Mombasa, na majirani wakasema ndiyo iliyoiita radi. Baada ya mazishi baba aliichoma sweta ile nyuma ya nyumba. Mama hakuwahi kulizungumza jambo hilo. Ukimuuliza, anaondoka kwenda kuchota maji hata kama mtungi umejaa.

Mimi nakumbuka kitu kimoja tu cha siku ile, na hakina maana yoyote: shingo ikiniwasha. Hadi nimekuwa mtu mzima, ngurumo ikianza tu, shingo huniwasha, nami naikuna hadi inachubuka.

Mvua ikikaribia, mama alifunika kioo kwa shuka, akasukuma sufuria zinazong'aa chini ya kitanda, akatuketisha katikati ya nyumba, mbali na mlango, kimya. Kisha ananivuta mimi mapajani na kunifunika kichwa kwa leso yake. Kaka zangu walikaa huko wenyewe. Nilifikiri ni kwa kuwa nilikuwa msichana wake aliyebaki. Lakini hata nilipokuwa nimeolewa na kuzaa, mvua ikinikuta kwake, aliniita niketi karibu naye, nami nilienda bila kuuliza.

Nilijifunza kushona, nikafungua chumba changu Kitui mjini, nikawa mtu wa harusi: gauni, vitambaa vya meza, mapambo ya kanisa, hadi utepe wa magari. Watu wetu wa kanisa ni watu wa rangi za upole. Walinijia wakitaka rangi ya maziwa, rangi ya anga, waridi iliyofifia. Akitokea mmoja akataka nyekundu, uongo wangu ulikuwa tayari: satini nyekundu hutoa rangi, mama, utatoka kanisani na mikono kama ya mchinjaji. Wote waliniamini.

Wote, isipokuwa huyu mmoja. Alikuwa binti pekee wa mfanyabiashara wa mji wa Wote, mwenye malori yake kwenye barabara ya Mombasa, na kazi yake ilikuwa Nairobi. Mwaka ule, miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea ukingoni, aliingia kwangu na miwani nyeusi, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Nataka nyekundu," akasema. "Si waridi, si maruni. Nyekundu yenyewe. Mtu akifika ajue hii ni harusi, si mkutano wa akina mama."

Nikamtolea uongo wangu. Akacheka. "Basi tutatafuta isiyotoa rangi. Baba amesema nisinyimwe kitu."

Ningemkatalia. Lakini wacha niseme ukweli: nilitamani. Nilikuwa nimeshona rangi za upole hadi macho yakachoka, na alipoanza kuzungumza, tayari nilikuwa nikiiona harusi yenyewe. Nikamwambia nyekundu haipendi kuchanganywa na umati. Gauni lako libaki jeupe, maana pasta hatakufungisha ndoa kwa lingine. Hema liwe jeupe, viti vivishwe nyeupe. Kisha wasimamizi wako, utepe, vitambaa vya meza, keki na maua yote ya bogenvilia yawe mekundu ya kufa mtu. Nikakumbuka udongo wa kule kwao Makueni nao ni mwekundu, zulia litapotea juu yake. Basi nikamwambia malori ya baba yako yalete mchanga wa mto, ule mweupe, tuumwage kutoka langoni hadi hemani, zulia tulitandike hapo katikati. Hapo litaonekana hata na mtu aliye mlimani. Aliruka akanikumbatia.

Ndipo akamwona binti yangu. Alikuwa ameketi chini akichezea vipande vya vitambaa, ana miaka sita, meno ya mbele yameng'oka. "Na huyu ndiye msichana wangu wa maua," bibi harusi akasema. Mtoto akapiga kelele za furaha. Mimi, mtu wa kanisa, mwenye cherehani na vyeti ukutani, nimwambie mwanamke wa Nairobi kwamba naogopa rangi? Nikatabasamu kama mjinga.

Harusi zetu ni za Desemba, watu wakiwa wamerudi nyumbani, na Desemba mvua bado haijamaliza maneno yake. Nilishona lile gauni dogo. Kila mara mtoto alipolijaribu na kuzunguka mbele ya kioo, mimi niliangalia dirishani. Aiya, niliomba! Niliomba nikiwa nimeshika pini mdomoni. Sikumwomba Mungu harusi ipendeze. Nilimwomba mawingu yasije, basi.

Nilipokwenda kumweleza mama, nilijua atanikaripia, na kusema kweli nilimtegemea anikatalie ili nipate kisingizio. Alikuwa akipepeta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Akasikiliza hadi mwisho, ungo ukatulia mikononi.

"Na wewe utavaa nini?" akauliza.

"Mimi? Rangi ya maziwa."

"Vaa hiyo. Nami nitakuja."

Sikuelewa kwa nini ananiuliza mimi habari za nguo yangu wakati mjukuu wake ndiye wa kuvishwa nyekundu. Nilidhani ni uzee.

Siku ilipambazuka bila wingu hata moja. Kanisani watu waligeuza shingo, pasta akakohoa kidogo alipowaona wasimamizi, lakini ndoa ikafungwa. Tulipofika nyumbani kwa baba wa bibi harusi, hata mimi nilisimama nikaduwaa. Nyekundu ile juu ya mchanga mweupe! Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilikaa na furaha hiyo muda wa kunywa soda nusu. Kisha upepo ukainua utepe wote wa hema kwa pamoja, nikageuka, nikaona upande wa vilima vya Mbooni kumekuwa rangi ya masizi.

Ngurumo ya kwanza ilikuwa ya mbali. Ya pili haikuwa mbali. Mwanamke mmoja mzee akasimama mezani akapaza sauti, "Toeni hizo nyekundu!" Hapo ndipo harusi ilipoharibika. Hakuna aliyekimbia mvua. Watu walikimbia rangi. Akina mama wa kwaya waling'oa vitambaa vya meza pamoja na sahani. Mtu alishika kisu cha keki akawa anakata utepe. Wasimamizi walijifunika makoti ya wanaume, mmoja akaingia chini ya meza akilia. Bibi harusi alisimama katikati akipiga kelele, "Ni vitambaa tu! Jamani, ni vitambaa!" na hakuna aliyemsikiliza.

Mimi nilikuwa nikimtafuta mwanangu. Hakuwa mezani, hakuwa kwa wasimamizi. Nikatoka nje ya hema, nikamwona. Alikuwa peke yake kule kwenye zulia karibu na lango, ameinama, anaokota maua yaliyopeperushwa. Kijitu chekundu katikati ya mchanga mweupe. Nami ndiye niliyeuagiza mchanga ule, ili nyekundu ionekane kutoka mbali.

Sijui nilikimbiaje na vile viatu. Anga ikapasuka ikawa nyeupe, nikasikia meno yangu yakigongana, nikamnyakua na kumkimbiza hadi stoo ya chakula iliyokuwa karibu. Mama alikuwa humo, ameketi juu ya gunia, macho mlangoni. Nikamsimamisha mtoto, nikaanza kuivuta ile zipu. Ikakwama. Nikaivuta kwa nguvu, mshono ukachanika begani, mtoto akaanza kulia.

"Mama, unararua gauni yangu!"

"Mwache," mama akasema.

"Mwaitu, mama yangu, hii ni nyekundu! Huoni?"

"Naona, mimi si kipofu. Mwache mtoto." Ngurumo ikapita. "Dada yako hakuwa na nyekundu."

Mikono yangu ikabaki palepale kwenye zipu.

"Ulikuwa unalia baridi," akasema. "Akaivua ile sweta, akakuvalisha wewe. Ilikufika hapa." Akagusa magoti yake. "Yeye akatangulia na mbuzi akiwa na kagauni kake ka kijivu. Sweta ulikuwa nayo wewe."

Shingo ikaanza kuniwasha. Safari hii nilijua ni nini: ni sufu, sufu mpya, kwenye shingo ya mtoto.

"Lakini watu wote walisema..."

"Niliwaacha waseme. Ningewaambia nini? Kwamba radi ilikuja kukutafuta wewe, ikamchukua yeye? Wangekuangalia kwa macho gani hapo kijijini? Mimi mwenyewe nilikuwa nakuangalia nikiogopa. Kila mvua nasema, leo imerudi kumalizia."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Leo asubuhi nimekutazama na hiyo nguo yako ya maziwa, nikasema, haya, amefichika. Halafu nikafikiri: kama ni rangi, mbona ilimwacha mwenye rangi? Na kama si rangi..." Akaivuta leso yake mabegani. "Kama si rangi, nitakuficha na nini?"

Mvua ilipiga mabati hadi ikabidi mtu apaze sauti ndipo asikike. Mtoto alifuta kamasi kwa mkono wake mtupu, akanigeuzia mgongo, akanielekezea ile zipu.

"Nifunge, mama. Bado hawajakata keki."

Nikaipandisha zipu. Safari hii haikukwama. Nikaurudisha mshono begani kwa pini iliyokuwa kwenye mfuko wangu. Alikuwa amependeza mno, nami nilimwogopea.

Radi ikapiga tena, karibu kabisa. Nilinyoosha mkono kumvuta mwanangu, lakini mama alikuwa ameshanivuta mimi, na leso yake ilikuwa tayari juu ya kichwa changu.