Jiko Lililokataa Kula

Nsimire alikuwa bingwa wa kusafisha. Huko Westmead, ughaibuni, katika nyumba ya kutunzia wazee alikofanya kazi kwa mwaka wa saba sasa, hakukuwa na doa lililomshinda, na wenzake walimtania kwamba siku akifika mbinguni ataomba kwanza ndoo na kitambaa. Lakini jiko la peleti la nyumba aliyopanga Quakers Hill lilimtoa jasho kuliko bafu kumi za wazee.

Lilikuwa sanduku la chuma lenye kioo mbele, linalokula vipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa, vidogo kama chakula cha kuku. Unavimimina kwenye tangi la juu, skrubu ndefu inazunguka na kuvisukuma mpaka kwenye kikombe cha moto, feni inapuliza, nyumba inapata joto. Mtu aliyekulia Bukavu akipuliza makaa kwa mdomo angekosaje kulipenda? Nsimire alilipenda miaka miwili. Julai ya 2021, katikati ya majira ya baridi ya nchi ile ya kusini, siku ya tano ya karantini, likagoma.

Karantini hiyo aliileta mwenyewe. Mwenzake kazini alikutwa na virusi, simu ikaja: siku kumi na nne ndani, wewe na wote unaoishi nao. Aliyeishi naye alikuwa mmoja tu, mama yake mzazi, Mama Chibalonza, mwenye miaka sabini na sita na mapafu yaliyochoshwa na moshi wa jikoni. Vipimo vyao vilitoka safi, lakini baridi haisomi vipimo. Nesi aliwaachia mlangoni kifaa cha kubana kidole, kinachoonyesha oksijeni iliyomo mwilini, akasema kwa simu kwamba ikishuka chini ya tisini waite ambulensi bila kungoja.

Hapo ndipo palipomnyima Nsimire raha. Ambulensi ikija, mama angeondoka peke yake. Hospitali zilikuwa zimekataza wageni, na Kiingereza cha bibi huyo kilianzia na kuishia kwenye "thank you, darling". Nsimire alikuwa ameyaona kazini: wazee wakiwaaga watoto wao kwenye tableti, na aliyeishika tableti alikuwa yeye. Aliogopa, aliogopa sana, na kutwa nzima alijifanya haogopi.

Asubuhi ya siku hiyo ya tano kifaa kilisoma tisini na tatu. Ndani ya jiko moto ulikuwa hafifu na wa moshi, kioo kimekuwa cheusi, na skrubu iliguguna bila kusukuma kitu. Yalibaki magunia mawili tu, moja limefunguliwa na moja bado, na duka lilikuwa limeishiwa.

Akampigia Gitonga, Mkenya wa kanisani kwao, fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Smithfield. Kuingia nyumba yenye karantini kulikatazwa, kwa hiyo Gitonga akafundisha kwa video.

"Zima kwanza, sista, halafu uchomoe waya kwa ukuta. Usiguse kitu kama bado iko moto."

"Baridi itaingia, Gitonga. Maman anakohoa."

"Itaingia kidogo tu. Mfunike. Hiyo skrubu ikikushika kidole mtakuwa wagonjwa wawili."

Alimfunika mama yake blanketi tatu na kitenge juu. Saa nzima ilipita chuma kikipoa. Tisini na mbili.

Alipofungua alikuta kikombe cha moto kimezibwa na donge gumu, na kuta za ndani zimepakwa utomvu mweusi unaonata kama lami. Aliukwangua kwa kisu butu. Akachomoa bomba la moshi, akalisugua kwa brashi mpaka masizi yakamjaa kwenye kope. Kisha akaichokonoa ile skrubu kwa mpini wa mwiko wa ugali. Kilichotoka hakikuwa peleti tena, kilikuwa unga uliovimba na kugandamana.

Gitonga alimwomba asogeze simu karibu. "Hiyo imekunywa maji, sista. Ndio maana inaziba, na ndio maana moto inatoa hiyo lami. Magunia umeweka wapi?"

"Ndani, kwenye laundry. Hakuna mvua yenye iliyagusa."

"Basi ama paa inavuja, ama kuna mtu anamwagilia hiyo kitu kama sukuma wiki." Gitonga alicheka. Nsimire hakuona la kuchekesha.

Akaunga kila kitu, akajaza tena kutoka gunia lile lililofunguliwa, akawasha. Moto ulipanda vizuri, mama akanyoosha mikono kuelekea kioo. Baada ya saa mbili skrubu ikaanza tena kuguguna, na moshi ukavuja sebuleni. Mama alikohoa mpaka akainama. Tisini na moja.

"Washa tu mbabula," mama akasema, akiwaza jiko la makaa la kwao Bukavu.

"Mbabula ya makala ndani ya nyumba yenye kufungwa, Maman? Tutalala tusiamuke."

Akazima, akafungua madirisha moshi utoke, akangoja tena. Alishaandika tarakimu tatu za ambulensi kwenye simu, na kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kijani, alipogeuka akakuta kiti cha mama kitupu.

Alimkuta kwenye chumba cha kufulia, ameshikilia ukuta kwa mkono mmoja. Bakuli la maji lilikuwa juu ya mashine ya kufulia. Mama alichovya vidole, akanyunyizia peleti kwenye gunia lililofunguliwa, akachovya tena, taratibu, kama anayebariki. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema ufanyeje ukikuta ni mama yako.

Nsimire alimpigia mama yake kelele, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. "Maman, unatuua!"

Mama aliacha mkono ndani ya bakuli. "Makala, kwetu, si tunanyunyizia maji? Ili ikawie kuisha."

"Hii si makala. Hii ni bunga ya miti."

"Sikujua." Alivuta pumzi, akapumzika, akaendelea. "Siku ya pili ulikuwa unaongea na Gitonga kwa simu. Ukamuambia, peleti zikiisha mbele karantini iishe, baridi itamushinda Maman, watakuja kumubeba. Nikasema basi, nitafanya zisiishe."

Nsimire alimshika mama mkono, akautoa majini. Aliona aibu, na aibu ilimchoma kuliko moshi.

Alimrudisha kitini, akafunga madirisha. Chuma kilipopoa akalisafisha jiko mara ya pili, kikombe, kuta, skrubu, akazimwaga peleti mbovu zilizobaki kwenye tangi, mpaka kucha zikawa nyeusi. Akapasua lile gunia ambalo halijaguswa, akajaza, akawasha. Moto ukasimama, wa njano na bila moshi. Akakaa sakafuni, ameshika mkono wa mama wenye kile kifaa. Tisini na moja. Bado tisini na moja. Tisini na mbili.

"Hawatanibeba?" mama akauliza.

Miaka saba ya nyumba ya wazee ilikuwa imemfundisha Nsimire kwamba hilo si neno la kuahidi.

"Hawatakubeba, Maman," akasema, kisha akaenda kumwaga maji ya bakuli.