Kisu cha Mkono Mmoja

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni mvuvi wa Wampembe. Mwaka jana kamba ya nyavu ilimnasa mguu ikamvuta ziwani. Mkono mmoja ameshikilia mtumbwi, mwingine unahangaika na kisu cha kukunja kinachotaka mikono miwili. Wenzake ndio waliomuwahi. Mke wangu akanigeukia, "Wewe si fundi? Mtengenezee kaka yangu kisu kabla hatujaitwa msibani."

Fundi kweli mimi. Banda langu liko Pito, na chuma changu ni springi za malori ya mpakani Kasesya, siyo bati. Nikafua kisu kikubwa, bapa lake shibiri nzima, nikalitoboa tundu la dole gumba ili lifunguke kwa mkono mmoja. Cha kwanza kilijikunja chenyewe kikanikata kidole, nikakitukana Kifipa chote ninachokijua. Cha pili nikakiwekea ulimi wa chuma ndani ya mpini: ukikifungua unaruka ta! na hakikunjiki mpaka uubonyeze. Mpini nikaung'arisha ukawa kama kioo. Jamani, kilikuwa kizuri! Nilikitembeza mtaa mzima.

Mke wangu alikuwa anaparua samaki. Akanipaka ule ute mkononi, akasema haya, fungua. Kikaniponyoka, nusura kinitoboe mguu.

"Umetengeneza kisu cha wakulima wa mahindi," akasema. "Ziwani hakuna mkono mkavu."

Niliudhika, ugali wa ulezi nikaula nimempa mgongo. Lakini alisema kweli, mimi mtu wa mlimani sikuwaza maji hata kidogo. Kesho yake nikauchanjachanja mpini wote kwa tupa, uzuri ukaishia hapo, nikatoboa na tundu la kufungia kamba ya mkononi.

Shemeji alipokuja nikakiweka chini akiokote mwenyewe, maana kwetu kisu hakipokelewi mkono kwa mkono, kinaleta ugomvi. Akakifungua, ta! Akacheka, "Kina sura mbaya hiki, shemeji."

Mwezi uliopita akarudi mikono mitupu. Kisu kimezama! Nikawaka: wiki tatu za jasho langu, na ile kamba je?

"Sikuifunga, ilikuwa inanikera."

Nilimsema hadi nikaishiwa maneno. Aliponiona nimemaliza, akapandisha suruali. Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na alama mpya ya kamba ya nyavu, bado nyekundu, imezunguka pande zote.

"Nilikata kwanza," akasema. "Ndipo kikaniponyoka."

Machozi yalinitoka, sifichi. Nikaenda bandani kuwasha moto. Hiki kipya, kamba yake nitamfunga mwenyewe.