Majibu ya Mama Mumo

Kompyuta ilipotaja dawa ya Kyengo, Dianah alicheka kidogo. "Mzee, wewe na Mama Mumo mmefanana mpaka ndani. Dawa ni ile ile yake."

Kyengo hakucheka. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, akatazama chini.

Alikuwa ametoka Gitothua akaja Thika kwa sababu ya kifua. Miezi minne ilikuwa imepita tangu amzike Syombua, huyo Mama Mumo, mke wake wa miaka arobaini na mitatu. Dianah hutibu kwa homiopathia, vile vidonge vidogo vitamu vya kuweka chini ya ulimi. Kabla ya kukupa huuliza mambo ambayo hospitalini huulizwi: unalalia ubavu gani, unapenda maji ya moto au baridi, unaogopa nini. Majibu anaipa kompyuta yenye akili bandia, nayo inapekua vitabu vya kazi hiyo na kumtajia dawa ya mtu huyo peke yake.

Mara ya kwanza walikuja wawili. Mgonjwa alikuwa Syombua, aliyejibu ni Kyengo, maana kwao mume ndiye husema mbele ya daktari. Alipoulizwa mama analalia ubavu gani, akakwama. Miaka thelathini alifanya shifti ya usiku kwenye kiwanda cha mananasi. Yeye akiingia kitandani, mke ameshaenda shambani. Aliona haya kusema hajui, tena mbele ya msichana wa rika la binti yake. Akajibu ya kwake. Ubavu wa kulia. Maji baridi. Anaogopa mbwa.

Syombua alimtazama, akanyamaza, asimwaibishe. Walipofika nje kwenye ngazi ndipo aliposema, "Baba Mumo, mimi na mbwa tangu lini? Rudi umwambie."

Kyengo akamwambia watasema siku nyingine.

Wiki sita Syombua alimumunya dawa ya mumewe bila neno. Kisha moyo ukasimama. Hospitali ilikuwa imeshawaambia kwamba moyo huo umechoka, kwa hiyo Kyengo hakudhani ni vidonge vilivyomuua. Kilichomla ni zile ngazi. Hatua saba tu, na hakurudi.

Sasa Dianah alikuwa anaandika jina la Kyengo kwenye chupa ya vidonge. Angeweza kuichukua na kwenda zake. Hakuna aliyejua.

"Daktari," akasema. "Yale majibu hayakuwa ya mama."

Dianah akaacha kuandika.

"Yalikuwa yangu. Yake sikuyajua."

Dianah hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi. Alifungua faili ya marehemu, akauliza kwa upole kama mzee angetaka waisahihishe. Mama alilalia ubavu gani? Aliogopa nini?

Kyengo alifikiri sana. Kofia ilikuwa imekunjamana mikononi.

"Mbwa hakuogopa," akasema. "Andika hilo."

Dianah akaandika, akangoja mengine. Hayakuwepo.