Nani Aliyehamisha Matoka

Mwanzo wa miaka ya hamsini, kabla Hali ya Hatari haijatukuta, nyumba yetu pale Ruiru ilikuwa na kesi, na kesi ile ilinichosha kuliko jembe. Mume wangu na kaka yake waligombania kipande cha shamba kando ya mto. Baba yao, kabla ya kufa, alikuwa amepanda mpaka kwa matoka, yale maua ya mpakani ambayo kwetu hayaguswi ovyo. Baada ya mvua za masika tukayakuta yameingia ndani ya sehemu ya shemeji. Shemeji akasema ndugu yake ameyahamisha. Mume wangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Thika na kurudi Jumamosi, akaapa kwamba yako pale pale yalipopandwa. Nami nilimwamini.

Wote wawili walitaka kwenda kortini. Wazee wa ukoo wakakataa.

"Korti itawapa mshindi," mmoja wao akasema. "Ndugu mtampata wapi?"

Basi wakaja kukaa, wakarudi, wakaja tena. Ili wasionekane kupendelea, walikunywa uji wa kwangu na wa mke wa shemeji kwa kipimo kimoja. Wazee walinenepa, mimi nikabaki na mgongo wa kuchota maji.

Lakini aliyeumia hasa ni mama mkwe wetu, tuliyemwita Maitu, yaani mama. Aliishi na kupika kwa shemeji, na kwa mila yetu ndugu wenye kesi isiyokwisha hawali chakula cha moto mmoja, hivyo mume wangu hangeweza kuonja kitu kilichopikwa kule. Kila Jumamosi alimletea mwanawe kibuyu cha uji. Kila Jumapili alikirudisha kimejaa. Nilikuwa nikimtazama akipanda taratibu kilima cha kwenda kwa shemeji, kisha nageuza uso.

Ni yeye tu aliyebaki hai kati ya waliomwona marehemu baba mkwe akipanda mpaka. Wazee walimuuliza kila kikao, naye akanyamaza. Nilimkasirikia sana. Nilidhani anamficha shemeji.

Mwishowe, kwenye kikao kimoja, nikashindwa kujizuia. "Maitu, si useme tu ukweli tupumzike!"

Aliniangalia. Kisha akawageukia wazee.

"Ni mimi," akasema. "Niliyang'oa nikilima viazi. Nikayarudisha vibaya."

Hakuna aliyecheka, ingawa sote tulijua mikono yake haikuwa imeshika jembe miaka mingi. Wazee walitazamana. Mkubwa wao akaguna, akasema kondoo achinjwe ili Maitu atakaswe kwa kugusa mpaka, na wanawe wayapande matoka upya, wakishika kila shina kwa mikono yote minne, pale atakapowaonyesha mama yao.

Maitu akatembea, akasimama. Pale aliposimama palikuwa ndani kabisa ya shamba tulilokuwa tukiliita letu. Nilimtazama mume wangu nikingoja abishe. Hakubisha. Alipiga magoti, kaka yake akapiga magoti, wakapanda.

Jioni Maitu akaleta kibuyu. Mume wangu alikunywa uji wote ameinamisha kichwa, machozi yakimdondokea kifuani, na mama yake amesimama hapo akingoja chombo chake. Ndipo nilipojua alikuwa akimficha nani muda wote ule. Niliona aibu.

Nilikipokea kibuyu, nikakiosha, nikamsindikiza hadi kwa shemeji.