Picha ya Kabla, Picha ya Baada

Fundi cherehani alikuwa anapinda pindo la sketi ya shule ujumbe ulipoingia. Kwa siku huletewa matangazo matatu, manne, kutoka namba asizozijua: mbegu za kusafisha damu, chai ya kuyeyusha kitambi. Hufuta bila kusoma. Huu aliufungua kwa bahati mbaya, akajikuta anajitazama mwenyewe.

Picha mbili. Kwenye ya KABLA amenawiri, anacheka, kavaa gauni la njano alilojishonea. Siku ile mumewe alisimama kando yake. Wamemkata, umebaki mkono wake tu begani. Kwenye ya BAADA mifupa ya shingo imemtoka, amesimama mlangoni pa kibanda chake. "Kilo ishirini na mbili kwa miezi mitano! Siri ni unga wa kijani!"

Miezi mitano hiyo alikuwa wodini anamuuguza mumewe. Alikula alichobakiza mgonjwa, akalala kwenye kiti, akaishia kumzika.

Kabla ya juma kwisha, wateja wakaanza. "Kumbe una siri unatubania!" alisema muuza viatu wa jirani, na kumpiga kofi la utani mgongoni. Mwalimu mmoja alileta magauni sita yapunguzwe kiuno mapema, kwa matumaini tu.

Picha zile alikuwa nazo mtu mmoja: wifi yake, dada wa marehemu. Fundi alifunga kibanda akamwendea. Sebuleni alikuta makopo ya unga yamepangwa mpaka yanaziba dirisha.

"Wifi, umenifanya tangazo."

"Jamani, si watu wanataka kuona mtu wanayemjua? Halafu umependeza, ukweli usemwe."

"Nilikonda kwa kumuuguza kaka yako."

Wifi aligeuza kopo moja ili jina litazame mbele. "Hata mimi nimemlia. Lakini kukonda si umekonda? Uongo uko wapi?"

"Na huu mkono begani kwangu ni wa nani?"

Wifi alichukua simu, akaikuza picha. Ilionekana wazi kwamba hakuwa ameuona. Midomo ikamcheza, fundi akadhani sasa atalia.

"Nitawaambia wa kampuni waufute," akasema.

Na kweli waliufuta. Tangazo lilirudi baada ya siku mbili, bega tupu.

Fundi aliamua kusema ukweli kwa kila aliyeuliza. Wa kwanza alikuwa mama mmoja mnene, mpole, aliyekuja kupimwa blauzi. Fundi alimweleza yote bila kuficha, ugonjwa, wodi, mazishi, futi ya kupimia ikiwa bado imemzunguka yule mama kifuani.

"Pole sana, dada," mama alisema, machozi yakimlengalenga. Akamshika mkono. "Umepitia mengi. Lakini huo unga, ulikuwa unaweka vijiko vingapi?"

Fundi aliandika kipimo kwenye daftari. Tangu siku hiyo akiulizwa hujibu kwamba hajui, na mtaani wanamwita mchoyo.